Sekunde Tisa za Baragumu

Kwa miaka ishirini na miwili Orrin Stachowiak alikuwa mtunzi anayeimbwa kuliko wote na asiyejulikana kuliko wote. Kila Jumapili, tangu majani ya Septemba yaanze kubadilika rangi mpaka theluji ya Januari, wimbo wake ulifungua mechi za mpira wa Kimarekani kwenye televisheni ya Halyard, na mamilioni ya watu waliuimba vinywa vimejaa soseji. Uliimbwa harusini. Uliimbwa kwenye korido za hospitali na wanaume waliokuwa wakingoja kuitwa baba. Huko Ohio kuna marehemu aliyezikwa nao; jeneza lilibebwa kwa mwendo wa tromboni, na mchungaji akapiga ngumi hewani kabla hajakumbuka yuko wapi. Lakini ungewauliza watu hao nani aliutunga, wangekukodolea macho kana kwamba umewauliza nani alitunga kiu.

Orrin hakudai sifa. Au tuseme alizidai, kama kila mtunzi, ila alishazoea kunyimwa. Alichokitaka kweli, alichokiwaza akinyoa ndevu na akiendesha gari, kilikuwa kidogo mno kiasi kwamba aliona haya kukitamka. Alitaka sekunde tisa.

Wimbo mzima ulikuwa wa sekunde hamsini na nne. Arobaini na tano za kwanza zilikuwa vita: ngoma za gwaride, matarumbeta manane, tromboni sita zikisukumana kama vijana mlangoni. Kisha vyote vilinyamaza kwa mkupuo, likabaki baragumu moja. Baba yake, mzee Kazimierz, alikuwa akipiga baragumu katika bendi ya wafua vyuma wa Bethlehem, Pennsylvania, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wenzake wote: bendi ikimaliza, yeye hakumaliza. Aliendelea kidogo, polepole, peke yake, kama mtu anayebaki uwanjani kutazama nyasi baada ya mashabiki kuondoka. Orrin alimwandikia baba yake sekunde hizo tisa. Jumapili ya kwanza mzee alivaa tai, akaketi mbele ya televisheni, akaweka mikono magotini. Vita vikapita. Baragumu likavuta pumzi. Na hapo ndipo Gil Mabry alipofungua kinywa.

"Amkeni, Marekani! Shusheni sahani, inueni vichwa: Jumapili imefikaaa!"

Gil Mabry alikuwa mtangazaji mwenye sauti nene kama supu ya juzi. Siku ile alizikalia zile sekunde tisa, na hakubanduka tena. Mzee Kazimierz alizima televisheni, akasema, "Wimbo mzuri, mwanangu. Yule bwana anauza nini?" Alifariki miaka minne baadaye bila kuzisikia.

Basi mwezi wa Agosti, Orrin akiwa na miaka sitini na moja na meno mawili ya bandia, aliitwa New York, makao makuu ya Halyard. Mkuu mpya wa michezo aliitwa Tripp Hollenbeck. Alikuwa na miaka thelathini na minne, viatu vyeupe pe, na ugonjwa wa kumwita kila mtu bingwa.

"Bingwa! Kaa, kaa. Wewe ni historia, unajua?"

"Nilikuwa nafikiri niko hai," Orrin akasema.

"Ha! Anachekesha huyu! Bingwa, tunaupenda wimbo wako. Tunaupenda mpaka tumeamua kuupima."

Kisha Tripp akawasha picha ukutani na kumweleza Orrin historia ambayo Orrin alikuwa ameiishi. Zamani, alisema, vituo havikuwa na nyimbo zao. Kweli tupu. Zamani mtu alikwenda kwenye rafu ya sahani za muziki usio na mwenyewe, akachomoa moja yenye kelele za kutosha, na wimbo uleule uliofungua mechi Jumapili uliuza matairi Jumatatu. Kisha akatokea mwerevu mmoja akagundua kwamba mwanamume wa Kimarekani akisikia matarumbeta ya shaba yanalia hujiona anateka ngome, hata kama yuko kwenye kochi na soksi zenye matundu. Tangu hapo kila kituo kikanunua ngome yake. Yakaja magitaa ya umeme. Wakaja waimbaji waliovaa ngozi, wakiimba jina la siku ya juma kana kwamba watu wamelisahau. Yakaja maroboti yanayocheza ngoma kabla ya matangazo, na mpaka leo hakuna aliyekiri kuyaleta.

"Na sasa," Tripp akasema, "ni zama za takwimu."

Wakateremka ghorofa ya tatu. Palikuwa na chumba chenye kioo: wewe unaona ndani, wa ndani wanajiona wenyewe. Upande wa pili walikaa watu kumi na wawili waliookotwa kwenye jumba la maduka huko Paramus, kila mmoja na sahani ya mabawa ya kuku ya pilipili mbele yake na kidude cha kuzungusha mkononi. Ukipenda unachosikia, zungusha kwenda mia. Usipopenda, rudisha sifuri. Ukikiachia, kinarudi sifuri chenyewe. Msimamizi alikuwa Dakta Kaylin Osgood, mwanamke mpole aliyesomea miaka tisa jinsi ya kutowatazama watu.

"Tunaanza na wa zamani," akasema, akainamia mistari yake kwenye kompyuta.

Ngoma za gwaride zikalia. Orrin akalisogelea lile dirisha la kioo mpaka pua ikagusa.

Kulikuwa na jamaa mnene mwenye kanda za suruali begani. Tarumbeta la kwanza tu, jamaa akaweka kidude chini, akanyoosha mkono wa kulia mbele, akaurudisha, akaunyoosha: anapiga tromboni ya hewa! Jirani yake, mama wa makamo, akaweka chake chini na kupiga ngoma juu ya meza mpaka mabawa yakaruka. Mwingine alishasimama. Ndani ya sekunde kumi vidude vyote kumi na viwili vilikuwa mezani, na watu kumi na wawili wa Paramus walikuwa jeshi.

Kwenye kompyuta, mstari ulianguka kama jiwe kisimani.

"Sifuri," Dakta Osgood akasema kwa huzuni. "Sifuri tangu sekunde ya kumi. Pole sana, Bwana Stachowiak. Sijawahi kuona watu wamechoka hivi."

"Wamechoka?" Orrin akageuka. "Dada, inua kichwa! Wameviweka chini! Yule pale anapiga tromboni!"

"Takwimu hazioneshi tromboni."

"Mtazame basi! Ona mashavu yake!"

"Nikimtazama nitakuwa nimeingiza hisia zangu," Dakta akasema, na hakutazama.

"Bingwa," Tripp akamshika bega Orrin, "najua inauma. Namba ni namba."

Kisha wakapigiwa wimbo mpya. Haukutungwa na mtu. Ulitungwa na kamati. Mjumbe mmoja alitaka gitaa, wa pili akataka kwaya, wa tatu mlio wa tai, wa nne akasema tai peke yake ni mpweke, wakaongeza wa pili. Mwimbaji alirudia neno "twende" mara kumi na nne bila kusema wapi, na bila kumwachia Gil Mabry nafasi ya neno. Watu wa Paramus wakaketi, wakafuta vidole, wakavichukua tena vidude vyao, maana wimbo haukuwapa kazi nyingine ya kufanya kwa mikono. Wakazungusha. Mstari ukapanda hadi tisini na moja, ukakaa huko kama mgeni asiyeaga.

"Historia imeandikwa," Tripp akasema. Akampa Orrin kofia ya kituo.

* * *

Jumapili ya ufunguzi Orrin hakutaka kutazama. Mkewe, Bernadette, ndiye aliyemtoa nyumbani kwa nguvu.

"Orrie, huwezi kukaa gizani na kofia ya watu waliokutukana. Kaka yangu anachoma soseji tangu saa nne."

Shemeji yake, Ray Dombek, alikuwa na nyumba Clifton, New Jersey, yenye ua mkubwa, jiko la mkaa lenye ukubwa wa gari dogo, na televisheni sebuleni, ambako mlango wa kutokea uani uliachwa wazi. Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo: watu ishirini wanakaa nje na bia zao, wakibishana, wakigeuza nyama, na hakuna anayeangalia saa. Saa ilikuwa ndani ya masikio yao. Tarumbeta la kwanza likilia, ua wote unaruka, sahani juu, viti chini, wanabanana mlangoni wakiimba, na baragumu linapozama chini ya sauti ya Gil wote wamekwishakaa. Ray alisema hajawahi kukosa mpira wa kwanza maishani mwake, akijisifu kama mtu aliyevuka jangwa.

Sebuleni alibaki mtu mmoja tu, bibi Stasia, mama yao Bernadette na Ray, mwenye miaka themanini na tisa. Masikio yake yalishachoka, kwa hiyo kiti chake kiligusana na spika ya televisheni, na sikio lake la kushoto aliliegemeza pale kama anapima joto la mtoto.

Ray aligeuza soseji. Mkaa ukavuma. Ndani, tai wawili wakalia, na mtu akaanza kuimba twende.

"Tangazo la gari," mmoja akasema.

"Magari ya siku hizi yana kelele," akajibu mwingine.

Orrin peke yake alijua. Alikaa na bia yake, na nitasema ukweli wake wote: hakusema neno. Mtu mwema zaidi angepaza sauti. Orrin alikunywa.

Dakika zikapita. Bibi Stasia akaita kutoka ndani. "Raymond! Kuna kijana amekimbia!"

"Amekimbia wapi, mama?"

"Na mpira! Toka kule mpaka kule! Uwanja mzima! Wamemshika wanne, wote wameanguka!"

"Hiyo ni ya mwaka jana, mama! Wanaonesha za zamani! Mechi bado!"

"Nani kasema bado?"

"Wimbo haujalia!"

"Mimi ni kiziwi, Raymond, si kipofu!"

Watu wakacheka. Mpwa mmoja akaingia kuchukua barafu kwenye friji, akapita mbele ya televisheni, na barafu ikamwagika sakafuni.

"Cleveland wanaongoza kwa pointi saba!"

Mimi nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, na nakwambia walizipokea kwa utulivu kuliko vile. Ray aliingia na uma wake wa kuchomea mkononi. Mpira wa kwanza kabisa wa msimu, kijana mgeni wa Cleveland alikuwa ameudaka kwenye mstari wa goli la timu yake na kukimbia uwanja mzima kwa sekunde kumi na mbili, jambo ambalo mtu anaweza kuzeeka akilingoja. Na hakuna aliyeliona. Sio Clifton tu. Kutoka Maine hadi San Diego nchi nzima ilikuwa nyuani, vyooni na mbele ya friji, ikingoja kuitwa.

"Mama ameliona," Bernadette akasema.

"Niliwaambia," bibi Stasia akasema, sikio bado kwenye spika. "Kijana mzuri. Ana mapaja."

Ray akamgeukia Orrin polepole, uma mkononi. "Shemeji. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakaa?"

"Wamesema wimbo wangu unachosha watu, Ray. Nikaogopa kuwachosha."

Ray alimwita jina ambalo mamake, kwa bahati, hakulisikia.

* * *

Jumatatu simu za Halyard zilizimia. Mwanamume wa Duluth alirudisha televisheni dukani akidai ni mbovu. Seneta mmoja alisimama kuulizia hatima ya taifa. Jumanne asubuhi Tripp Hollenbeck alikuwa mbele ya mlango wa Orrin, viatu vyeupe vina tope, na pembeni yake alisimama Gil Mabry mwenyewe ndani ya koti refu.

"Bingwa, tumegundua kitu kikubwa," Tripp akasema. "Wimbo wako unaita watu. Dakta Osgood anaandika kitabu."

"Alitazama?"

"Alisoma barua za malalamiko. Zina takwimu." Tripp akakaa bila kukaribishwa. "Tunaurudisha Jumapili hii. Tunachoomba ni tai mmoja tu, pale mwanzoni..."

"Hakuna tai."

"Mdogo."

"Ukiweka tai, tafuta mtu mwingine wa kukuitia watu. Mkataba wenu wa kuutumia ulikwisha Agosti, mliuacha ufe wenyewe kwa sababu ya mstari. Bila saini yangu hamna wimbo." Orrin akawasogezea vikombe vya kahawa. "Nina sharti moja. Sekunde tisa za mwisho. Mtu asiongee."

Gil Mabry akaweka kikombe chini.

"Zile ni sekunde zangu," akasema.

"Zilikuwa zangu kabla hujazipigia kelele."

"Kelele?" Gil akasimama. "Mzee, watu hunisimamisha kwenye viwanja vya ndege niwaambie waamke! Mke wangu niliomba kumwoa kwa maneno yale!"

"Na alikubali?"

"Huyo wa pili, ndiyo!"

"Baba yangu alivaa tai kuja kusikia zile sekunde tisa, Gil. Alisikia wewe. Aliniuliza unauza nini."

Gil akaketi tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa sauti tu iliyopewa mwili wa kuibeba. Alitazama koti lake, akatazama kahawa. "Nilidhani pale ni patupu," akasema mwishowe. "Kila mtu aliniambia vyombo vimekwisha, ingia."

"Havijaisha. Kimoja kimebaki."

"Jumapili sitasema neno," Gil akasema. Tripp akaandika kwenye simu yake kwamba ukimya ni ubunifu mpya wa Halyard.

Jumapili ilipofika, Orrin alivaa tai. Ray alimtania, "Unakwenda kuzikwa au kutazama mpira?" Orrin aliweka kiti chake katikati ya sebule tupu, nyuma ya bibi Stasia, akaweka mikono magotini.

Tarumbeta la kwanza likalia.

Ua ukaripuka. Sahani, viti, mbwa, mama wenye watoto mgongoni na wanaume wenye uma, wote wakamiminika mlangoni wakiimba vinywa wazi, pa-ra-pa-PAM, Ray akipiga tromboni ya hewa kwa mkono uliobeba soseji. Kwa sekunde arobaini na tano nyumba ile ilikuwa ngome, na ngome ikatekwa. Kisha vyombo vikanyamaza. Orrin akainuka kitini. Kwenye kioo Gil Mabry alionekana kwenye kibanda chake cha utangazaji, midomo imefungwa kama mtoto anayenyimwa peremende. Baragumu likavuta pumzi.

"AMKENI, MAREKANI!"

Ilikuwa sebule nzima. Watu ishirini, kwa sauti moja, wakimwiga Gil neno kwa neno na hata kukohoa kwake. Miaka ishirini na miwili walikuwa wameyasikia yale maneno mahali pale, na mahali palipoachwa wazi waliyaweka wenyewe.

"Nyamazeni!" Orrin alipiga kelele. "Nyamazeni jamani, sekunde tisa tu!"

"SHUSHENI SAHANI, INUENI VICHWA!" Ray alimkumbatia shemeji yake kwa mkono wenye mafuta. Nje, upande wa pili wa ukuta, majirani walikuwa kwenye "vichwa". Mtaa mzima. Bernadette, mke wake wa miaka thelathini na tatu, aliyejua kila kitu, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, na viganjani humo Orrin aliona maneno yanamponyoka. "JUMAPILI IMEFIKAAA!"

Mpira ukapigwa. Wote wakakaa.

Orrin alibaki amesimama, tai imepinda. Simu ikatetemeka mfukoni: Tripp, akimwita bingwa kwa herufi kubwa. Hakuisoma. Alikuwa akitafuta mlango wa kutokea wakati bibi Stasia, sikio lake la kushoto likiwa bado limeegemea spika, alipomvuta mkono.

"Huyo wa mwisho," akasema, amekunja uso. "Wenzake wameshamaliza zamani, yeye bado anapuliza tu peke yake. Hakuambiwa?"

Orrin alichuchumaa mpaka akawa usawa wa kiti chake. Ilibidi aseme kwa sauti kubwa, maana bibi hakusikia, na watu watatu wakamgeukia wamwambie anyamaze, mechi imeanza.

"Aliambiwa, mama," akasema. "Hakutaka kwenda nyumbani."

"Anapiga vizuri," bibi akasema. "Sasa toka mbele, namtafuta yule wa mapaja."